Raha ya Geneva Haimo Madukani



Tangu tuliporudi kutoka katika Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, yaani ILO, uliofanyika Geneva, Uswisi, mwezi wa Juni mwaka 2023, wanachama wa Kakiika na wenzetu wa Nakivale wametuuliza maswali mengi. Juu ya maazimio waliuliza machache. Waliyotaka kujua zaidi ni haya: mlikula nini huko, mlilala wapi, na mmetuletea nini. Mzee mmoja seremala aliuliza waziwazi, mbele ya mkutano, kama safari ile ilikuwa ya kazi au ya kustarehesha watu watatu. Ni swali la haki. Taarifa ya maazimio imekwisha kutolewa kwa Kiingereza, basi ukurasa huu wa Kiswahili tunautumia kumjibu mzee.

Jibu letu ni kwamba kazi tulifanya, na starehe pia tulipata. Nauli na chumba vililipwa na waliotualika, wala ada zenu hazikuguswa. Lakini starehe hatuikani, maana tungeikana tungekuwa tunawaficha sehemu ya safari iliyo na faida kwenu.

Kwanza tuseme kidogo juu ya mahali penyewe. ILO iliundwa mwaka 1919 na makao yake yamekuwa Geneva tangu mwaka 1920. Uganda iliingia mwaka 1963. Kila nchi hupeleka wajumbe wanne wenye kura: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Wengine huwa washauri, na sisi tulikuwa katika hao, wanaume wawili na mama mmoja. Mmoja wa hoteli, mmoja wa usafiri na mmoja wa mashamba. Kando ya ziwa lipo jengo la zamani la ILO ambalo lango lake lilifunguliwa mwaka 1926 kwa funguo tatu, wa serikali, wa mwajiri na wa mfanyakazi. Siku hizi jengo hilo linatumiwa na Shirika la Biashara Duniani. Hapo kila msomaji na acheke au anune apendavyo.

Sasa tuje kwenye maisha ya mjumbe. Mjumbe anayetoka kwetu hupewa posho ya kila siku, na faranga moja ya Uswisi ilikuwa zaidi ya shilingi 4,000 za Uganda. Akiisha kupiga hesabu hiyo, chakula cha mezani humkwama kooni. Basi hununua mkate na ndizi, hula chumbani, na posho huiweka kwa ajili ya karo ya watoto, mabati, au simu na viatu vya jamaa. Hatuwacheki watu hao. Kwa mshahara wa kwetu, posho ya majuma mawili ni mali. Hata hivyo tumewaona wenzetu wa nchi nyingi wakikaa Geneva majuma mawili, wakarudi makwao wanajua chumba, basi na ukumbi wa mkutano tu. Mtu huyo akiulizwa Ulaya kukoje, husema kuna baridi na vitu ni ghali.

Sisi tulikuwa na bahati ya kukutana na mtu wa kutufumbua macho. Jumamosi ya kwanza asubuhi tulikuwa tukizungumza Kiswahili katika ujia wa hoteli, mara mama mmoja aliyekuwa akibadilisha mashuka akatoka chumbani akicheka. Kumbe ni wa Bukavu, yuko Geneva miaka mingi. Akatuuliza tuna mpango gani kesho. Tukamwambia tutapumzika chumbani, kwa kuwa tumesikia Jumapili maduka yote hufungwa. Akatutazama kama mama anavyowatazama watoto wasiotaka kuoga.

“Ba papa na mama, munabakia mu chumba juu ya nini? Kesho ni siku ya Mungu, miye niko mu konje. Mutoke, muone maji!”

Konje ni mapumziko ya kazi. Tulilishika neno hilo.

Kesho yake akatupokea mlangoni amevaa kitenge, na mkononi ana kikapu. Kitu cha kwanza alichotufundisha ni kubeba chupa tupu. Geneva ina mabomba na visima vya mawe katika viwanja na pembe za barabara, maji yanatiririka mchana na usiku, na ni maji ya kunywa. Hakuna mlinzi wala wa kukusanya sarafu. Mzee aliyevaa suti anainama anakunywa, mtoto anakunywa, mbwa ana karai lake chini. Mwenzetu wa mashamba alijaza chupa, akanywa, akajaza tena, akasimama pale muda mrefu kuliko kiu ilivyodai. Mtu aliyelelewa kwa kubeba jerikani kilimani hawezi kupita maji ya namna hiyo haraka.

Kitu cha pili ni kwamba hatukulipa nauli. Hotelini tulikuwa tumepewa kadi ya kupandia basi, tramu na hata vimashua vidogo vya rangi nyekundu na njano vinavyovusha watu ziwani. Tulivuka mara nne bila shughuli yoyote ng'ambo. Mwenzetu wa usafiri, ambaye ameshughulika na boda boda na teksi za Mbarara maisha yake yote, alikaa karibu na nahodha akawa anahesabu dakika. Akatuambia kimashua hakikuondoka hata mara moja kabla ya wakati wake, na hakuna aliyepiga kelele kuita abiria.

Kutoka ziwani mtu huona lile jambo ambalo liko katika kila picha ya Geneva, yaani maji yanayoruka juu mita 140, kama uzi mweupe unaopeperushwa na upepo. Wenyewe huliita Jet d'Eau. Tulidhani ni pambo la matajiri. Mama wa Bukavu naye alidhani hivyo. Lakini habari zake tulizisoma baadaye, na kila mfanyakazi anapaswa kuzijua.

Mwaka 1886 mji ule ulijenga kituo cha kusukuma maji ya mto Rhône, mahali paitwapo Coulouvrenière. Maji yenye nguvu yalipitishwa katika mabomba mpaka kwenye karakana, yakaendesha mashine za mafundi. Ikifika jioni mafundi hufunga mashine zao waende nyumbani. Hapo maji yalikosa pa kwenda, nguvu ikazidi ndani ya mabomba, na ilikuwa vigumu kujua mapema ni mafundi wangapi watafunga na saa ngapi. Ndipo ikawekwa njia ya kuyatoa maji yale juu hewani, ili mabomba yasipasuke. Yakaruka kiasi cha mita 30. Watu wakayapenda, na mwaka 1891 yakahamishiwa ziwani penye nafasi ili yawe ya kutazamwa. Pampu za sasa ni za mwaka 1951. Kwa hiyo, ndugu, pambo kuu la mji ule tajiri lilianza kama dalili kwamba mafundi wamemaliza kazi ya siku. Aliyeona maji yakiruka jioni aliweza kujua kuwa watu wanaosha mikono.

Saa ya kula mwenyeji wetu akatupeleka mahali paitwapo Bains des Pâquis, gati refu lililoingia ziwani, lenye mnara wa taa mwishoni. Ni mahali pa umma pa kuogelea. Kiingilio kilikuwa faranga 2. Walikuwapo vijana, wazee wenye matumbo, akina mama na vitabu vyao, watu wa rangi zote, na huwezi kujua nani mkurugenzi na nani mfagiaji, kwa kuwa wote wamevua. Majengo yake ni ya mwaka 1932. Katika miaka ya 1980 wakuu wa mji walitaka kuyabomoa wajenge mengine. Wananchi wakaunda chama chao, wakadai kura, na mwaka 1988 kura ikaamua yabaki. Raha ile ya faranga mbili ina watu walioisimamia.

Mwenzetu wa usafiri aliingia majini. Akatoka upesi kuliko alivyoingia, meno yakigongana, akisema maji ya Rwizi ni uji. Mama wa hoteli alikaa kwenye mbao na miguu majini. Mwenyeji wetu akafungua kikapu: mkate, nyanya, mayai ya kuchemsha na kipande kikubwa cha jibini. Uswisi ni nchi ya ng'ombe na jibini kama Ankole ilivyo nchi ya ng'ombe na samli, na tukaanza kubishana kama kuna jibini inayoweza kushindana na eshabwe. Mwenzetu wa mashamba alishikilia kwamba haipo. Kisha tukazungumza habari za rolex. Mama wa Bukavu hakujua kuwa kwetu rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, chakula cha barabarani cha mtu mwenye haraka. Tukamwonyesha kwa mikono. Alicheka mpaka akafuta machozi, kwa sababu kampuni ya saa za Rolex ina makao yake Geneva hapo hapo, na saa yake moja ingelisha Kakiika nzima chapati.

Jioni hatukuamini macho yetu. Sisi watu wa ikweta saa moja ya jioni kwetu giza linaanza kuingia. Kule mwezi wa Juni jua linatua karibu saa tatu na nusu usiku. Baada ya hapo, kila siku kamati zilipokwisha saa kumi na mbili, tulikuwa na mchana mwingine mkononi, nasi tukautumia. Tulitazama watu wakicheza sataranji ya vipande vikubwa katika bustani ya Bastions. Tuliona tausi wakitembea wazi katika bustani ya Jumba la Mataifa, wakilia katikati ya mabalozi. Tulikaa kwenye benchi la Treille, mji wa kale, benchi la mbao lenye urefu wa zaidi ya mita 100, ambalo husemwa kuwa katika marefu kabisa duniani. Karibu nalo upo mti ambao karani wa bunge la jimbo amepewa kazi ya kuuangalia. Jani lake la kwanza likichipua, yeye huandika kitabuni kwamba masika ya Ulaya yameanza. Kazi hiyo imefanywa tangu mwaka 1818. Mwenzetu wa hoteli aliuliza kama nafasi hiyo hutangazwa.

Msidhani tunasema Geneva ni peponi. Kahawa moja iliyotupotea ilitugharimu zaidi ya faranga 4. Mwenyeji wetu analala chumba kidogo mbali na lile ziwa, na mgongo unamwuma kwa ajili ya magodoro. Mwaka 2020, wakati wa korona, ulimwengu uliona mistari mirefu ya watu wakingoja mifuko ya chakula kwenye uwanja wa Vernets, Geneva hapo hapo; wengi wao walikuwa watumishi wa nyumbani na wafagiaji wasio na karatasi. Ni kweli kwamba mwaka 2017 na 2018 watu zaidi ya 2,000 wa namna hiyo walipewa karatasi, na tarehe 27 Septemba 2020 wananchi walipiga kura kuweka mshahara wa chini wa faranga 23 kwa saa. Mama wa Bukavu aliikumbuka tarehe ile kuliko siku yake ya kuzaliwa. Hayo ndiyo yaliyompa nguvu ya kusema Jumapili ni yake.

Tuliporudi tukaitisha mkutano Kakiika, na wenzetu wa Nakivale wakaja, mafundi cherehani, waashi na watumishi wa nyumbani, wengi wao Wakongomani na Warundi. Makazi ya Nakivale yalianza karibu na mwaka 1960, na kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 mkimbizi nchini Uganda ana ruhusa ya kufanya kazi. Wanajua pia kwamba shirika la wakimbizi, UNHCR, lina makao makuu Geneva. Mama mmoja mshonaji, mtu wa Kivu, alitaka kujua jambo moja tu: ile ofisi kuu ina dirisha linalotazama ziwa? Tulimwambia tulipita nje, karibu na uwanja wenye kiti kikubwa cha mbao cha mita 12 kilichovunjika mguu, ambacho kiliwekwa mwaka 1997 kukumbusha watu waliokatwa viungo na mabomu ya ardhini, lakini ndani hatukuingia. Akafikiri, kisha akasema:

“Na siye tuko na ziwa. Lakini miye sijapata kukaa kando yake bila jerikani.”

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza.

Hapo ndipo tulipomgeukia mzee wetu seremala. Tulimwambia kwamba mapumziko ni kazi ya chama tangu mwanzo. Mwaka 1921 ILO ilipitisha mkataba wa siku ya mapumziko kila juma viwandani. Mwaka 1924 ikatoa pendekezo zima juu ya namna mfanyakazi anavyoweza kuutumia wakati wake wa mapumziko, mambo ya michezo, bustani na vitabu. Wakubwa wale walikaa wakajadili raha ya mfagiaji. Mwezi wa Juni mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma mpaka wakapata likizo ya majuma mawili yenye malipo, na kiangazi kile wapo walioiona bahari kwa mara ya kwanza. Tarehe 16 Juni 2011, katika Geneva ile ile, ukapitishwa Mkataba namba 189 wa watumishi wa nyumbani, unaosema mtumishi apumzike saa 24 mfululizo kila juma. Nasi Uganda tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006: mtu asifanyishwe kazi zaidi ya siku sita mfululizo, na kwa kila miezi minne ya kazi apate siku saba za likizo yenye malipo. Mzee akasema yeye hajapata kusikia habari za siku saba. Wengi hawakuwa wamesikia.

Mlangoni alikuwa amesimama binti mmoja wa Nakivale anayefanya kazi katika nyumba moja Kakiika. Hatumtaji jina. Alikuwa ametumwa dukani, akapitia kusikiliza, chumvi iko mkononi. Akauliza kama sheria hiyo ni ya wenye ofisi tu. Tulipomwuliza siku yake ya mapumziko ni ipi, alisema tangu aanze, miezi tisa, haijatokea.

Juma lile lile tulikwenda watatu kwa mwajiri wake, na nakala ya sheria mkononi. Alitupokea kwa heshima, tukapewa chai, na yule binti ndiye aliyeileta. Mwajiri akasema, “Huyu anakula kwangu, analala kwangu. Apumzike kutoka wapi?” Tulimsomea kifungu. Tulimwambia hatukuja kugombana wala kumwondoa mtoto. Tukamwuliza yeye mwenyewe Jumapili hufanya nini, akasema huenda kanisani, halafu hulala kidogo. Mazungumzo yalichukua karibu saa mbili. Tulikubaliana Jumapili kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, bila kukatwa mshahara. Siku nzima inayotakiwa na sheria haijafika, na hilo tulimwambia kabla ya kuondoka.

Jumapili ya kwanza tulitaka kumfanyia binti mpango, aje chamani, apate somo la haki zake. Mama yetu wa hoteli akatukataza. Akasema hiyo siku si yetu, ni yake.

Baadaye alitueleza mwenyewe aliyoyafanya. Alitembea kwa miguu hadi mjini Mbarara, akanunua rolex moja, akaenda kukaa chini ya mti mahali panapoonekana mto Rwizi. Akala polepole. Akalala usingizi pale pale, viatu vikiwa kichwani visiibiwe. Simu ya nyumbani ililia mara mbili. Ya kwanza aliipokea, ya pili aliiacha ilie.

Tumekwisha kurudi kwa mwajiri yule mara moja kuhusu saa zilizobaki, na mwisho wa mwezi tunarudi tena. Wengine wenye habari za namna hiyo waje chamani jioni yoyote baada ya kazi. Kwa wajumbe watakaokwenda Geneva Juni ijayo: chukueni chupa tupu na vazi la kuogelea.